Felice Beato, Mpiga Picha wa Japani ya Kale

Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, kama ilivyo desturi ya gazeti letu kila muhula. Wafalme na majemadari wamekwisha kupata zamu zao katika kurasa hizi. Safari hii nimemchagua mtu wa kazi, aliyebeba vioo, dawa na hema akazunguka nusu ya dunia. Sababu ya kumchagua ni kwamba wanafunzi wa Chama cha Picha hapa shuleni hupenda kuniambia kuwa picha haisemi uongo, nami kila nilisikiapo neno hilo humkumbuka mtu huyu. Jina lake ni Felice Beato.

Alizaliwa mwaka 1832 katika mji wa Venice, nchi ya Italia. Jamaa zake walikaa kisiwani Corfu, ambacho siku zile kilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na kwa njia hiyo yeye akahesabiwa kuwa raia wa Kiingereza ingawa alikuwa Mwitaliano kwa damu. Ujana wake aliutumia katika mji wa Constantinople, ambao leo huitwa Istanbul. Huko alikuwako mtu mmoja jina lake James Robertson, fundi wa kuchonga nembo za sarafu katika kiwanda cha fedha cha Sultani, naye alikuwa mpiga picha vile vile. Robertson alimwoa dada yake Beato mwaka 1855, na Beato akajifunza kazi kwa shemeji yake. Mwaka ule ule walikwenda pamoja katika vita vya Crimea kupiga picha za ngome za Sevastopol baada ya kuanguka.

Hapa yafaa niseme jambo moja lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Kulikuwa na picha zilizotiwa sahihi ya Felice Antonio Beato, na watu wakadhani ni mtu mmoja. Lakini mtu huyo alionekana kuwa Misri na Japani kwa wakati mmoja! Ilichukua karibu miaka mia kufumbua fumbo hilo. Kumbe walikuwa ndugu wawili waliofanya kazi pamoja hapo mwanzo. Antonio alifungua duka lake la picha Luxor, katika Misri, akaishi huko. Felice ndiye aliyekwenda mashariki.

Mwaka 1858 Felice alifika India, baada ya maasi makubwa ya askari wa Kihindi dhidi ya Waingereza. Katika mji wa Lucknow alipiga picha ya jumba la Sikandar Bagh, ambako Wahindi wengi waliuawa mwezi wa Novemba 1857. Picha hiyo inaonyesha ua wa jumba lililobomoka kwa mizinga, na mifupa ya watu imetawanyika chini. Ni picha ya kutisha. Ila angalieni tarehe: Beato alifika miezi mingi baada ya mauaji. Wachunguzi wengi wanakubali kwamba mifupa ile iliwekwa mbele ya kamera ili picha ipate nguvu. Mauaji yalikuwa ya kweli na mifupa ilikuwa ya kweli, lakini uwanja ule ulipangwa na mkono wa mtu. Mimi naliona jambo hilo kuwa baya, wala silifichi kwa kuwa natafuta kumsifu.

Mwaka 1860 alifuatana na majeshi ya Uingereza na Ufaransa katika vita vya China. Alipiga picha katika ngome za Taku mara zilipotekwa, na maiti bado hazijazikwa. Alipiga pia picha katika bustani za kifalme karibu na Peking, siku chache kabla Waingereza hawajazichoma moto mwezi wa Oktoba. Katika safari hiyo alikutana na Charles Wirgman, mchoraji wa gazeti la picha la London. Wirgman akaenda Japani, na Beato akamfuata mwaka 1863. Hapo ndipo ilipoanza sehemu ya maisha yake ambayo ndiyo iliyonifanya nimchague.

Japani ilikuwa imefunga milango yake kwa wageni kwa zaidi ya miaka 200, isipokuwa biashara kidogo ya Waholanzi na Wachina huko Nagasaki. Mwaka 1853 manowari za Marekani zilifika kudai milango ifunguliwe, na mwaka 1859 bandari ya Yokohama ikafunguliwa. Lakini mgeni hakuwa na ruhusa ya kutembea apendavyo. Mkataba ulimruhusu aende mwendo wa ri kumi tu, yaani yapata kilomita 40 kutoka bandarini, na zaidi ya hapo ni mabalozi peke yao waliopita. Tena hali ilikuwa ya hatari. Samurai wengi walichukia kuwaona wageni nchini mwao, na mwezi wa Septemba 1862 Mwingereza mmoja mfanya biashara aliuawa kwa panga katika barabara kuu ya Tokaido, karibu na Yokohama, kwa kuwa hakulipisha njia msafara wa mtawala wa Satsuma.

Katika nchi ya namna hiyo Beato alifungua chumba cha picha pamoja na Wirgman. Wirgman alichora, Beato akapiga picha. Ili apate kuvuka mpaka wa ri kumi alijipatia urafiki wa mabalozi. Mwaka 1863 alikwenda na mjumbe wa Uswisi, Aimé Humbert, katika mji wa Edo, makao makuu ya Shogun, ambao leo huitwa Tokyo. Humbert aliandika kisa kimoja cha safari hiyo. Beato alisimamisha kamera mbele ya jumba la kabaila mmoja mkubwa. Wakaja maofisa wa jumba kumkataza. Wakaambiwa waende kwanza wakamwulize bwana wao. Wakaenda, wakarudi na jibu kwamba bwana hataki kabisa. Beato akainama kwa adabu, akaamuru vyombo vyake vifungwe, na wale maofisa wakaridhika. Hawakujua kwamba walipokuwa ndani yeye alikwisha kupiga picha mbili.

Humbert alikisimulia kisa hicho kama jambo la kuchekesha. Kwangu mimi mwenye nyumba alikataa, na kukataa kwake hakukuheshimiwa. Msomaji ataamua mwenyewe.

Sasa nieleze jinsi picha ilivyopigwa, maana bila kulijua hilo hatuwezi kuzisoma picha za Beato. Ninyi wenye simu za mkononi hubonyeza mara moja, basi. Beato alikuwa na sanduku kubwa la mbao lenye lenzi, na mahali pa filamu aliweka kipande cha kioo. Kioo hicho alikimwagia dawa inayonata iitwayo kolodioni, akakigeuza huku na huku mpaka dawa ikaenea sawasawa. Kisha, ndani ya hema la giza, alikichovya katika maji ya nitrati ya fedha ili kipate kuathirika na mwanga. Kioo kilitakiwa kuwekwa katika kamera kingali kibichi, kupigwa picha, na kurudishwa hemani kusafishwa kwa dawa nyingine, yote hayo kabla hakijakauka. Alikuwa na dakika kumi au kumi na tano tu. Kwa hiyo kila alikokwenda, chumba cha giza kilikwenda pamoja naye, na chupa za dawa, na maji, na masanduku ya vioo, na wachukuzi wa kuvibeba. Baadaye kioo kiliwekwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa mayai, kikaanikwa juani, na picha ikatokea karatasini.

Jambo kubwa ni hili: lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa. Nyumba husubiri, mti husubiri kama hakuna upepo, lakini mtu anayetembea hasubiri. Mchukuzi aliyepita mbele ya kamera akikimbia hakuacha hata kivuli.

Picha yake iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya mji wa Edo, aliyoipiga mwaka 1865 au 1866 kutoka juu ya kilima cha Atago. Juu ya kilima hicho pana hekalu la Shinto, na ngazi ya mawe yenye vidaraja 86 inapanda moja kwa moja, mkali kama ukuta. Hapo juu Beato alipiga vioo vitano, kimoja baada ya kimoja, akiigeuza kamera kidogo kila mara, hata zilipochapwa karatasi tano zikaungana kuwa picha moja ndefu. Fikirini kazi hiyo. Kila kioo kilihitaji kutayarishwa na kusafishwa peke yake, na mwanga usibadilike sana, na ukingo wa kimoja uungane na ukingo wa kingine. Tunaona bahari ya mapaa ya vigae, safu kwa safu, kuta ndefu nyeupe za majumba ya makabaila, na njia pana kati yake.

Nilipowaonyesha wanafunzi wa Chama cha Picha, mmoja aliuliza mara moja: watu wako wapi? Lilikuwa swali zuri sana. Edo ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya dunia, wenye watu wapata milioni moja, na katika picha ile njia ni tupu kama baada ya tauni. Sababu ya kwanza nimekwisha kuieleza: waliotembea hawakuandikwa kiooni. Lakini iko sababu ya pili, nayo ni ya historia. Kwa zaidi ya miaka 200 Shogun aliwalazimisha makabaila wa nchi nzima kuwaacha wake na watoto wao Edo, kana kwamba ni rehani, na wao wenyewe kuja na kurudi kwa zamu. Mwaka 1862 sheria hiyo ililegezwa, jamaa za makabaila wakafunga mizigo wakarudi makwao. Kwa hiyo majumba tunayoyaona pale chini ya kilima, mengi yalikuwa yamepungukiwa watu kweli kweli. Utupu mmoja umefanywa na kamera na utupu mwingine umefanywa na siasa, na kwa kuitazama picha tu huwezi kuutenga huu na ule.

Nje ya Yokohama, mahali Beato alipopapenda ni Kamakura, mji wa kale ulio ndani ya mpaka wa ri kumi. Huko iko sanamu kubwa ya Buddha ameketi, iliyofuliwa kwa shaba nyeusi katika karne ya 13, yenye kimo cha zaidi ya mita 11. Zamani ilikuwa ndani ya jumba, lakini jumba liliharibika kwa dhoruba na mawimbi ya bahari, na kwa muda wa karne nyingi sanamu imekaa chini ya mbingu. Beato aliwaweka watu karibu na sanamu ili mtazamaji apate kukadiria ukubwa wake. Hila hiyo inatumika mpaka leo, na sisi tunaifundisha katika chama chetu.

Kamakura kulikuwa na hatari yake pia. Mwezi wa Novemba 1864 maofisa wawili wa Kiingereza, Meja Baldwin na Luteni Bird, waliuawa huko kwa panga. Beato na Wirgman walikuwa katika matembezi upande ule ule, na walionana nao muda mfupi kabla hawajauawa. Baadaye Beato alirudi akapiga picha ya mahali walipoanguka. Ni njia tu, yenye miti, tulivu kabisa. Asiyesoma maneno yaliyoandikwa chini yake ataisifu kwa uzuri.

Lakini picha za Kamakura zilizo na thamani kuu, kwa maoni yangu, ni zile za hekalu la Hachiman, liitwalo Tsurugaoka Hachimangu. Nitaeleza kwa nini. Kwa muda wa miaka mingi sana Wajapani hawakutenga dini ya Shinto na ya Buddha. Katika uwanja mmoja palikuwa na nyumba za miungu ya Shinto na nyumba za Buddha, na watu waliomba kote kote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Hachiman. Picha za Beato zinaonyesha katika uwanja ule mnara mkubwa wa Kibuddha wenye mapaa mawili, pamoja na majengo mengine ya Kibuddha, yote mazima.

Mwaka 1868 utawala wa Shogun ulianguka, Mfalme Meiji akashika nchi, na serikali mpya ikatoa amri kwamba mambo ya Shinto na ya Buddha yatengwe. Mahali pengi watu walivunja, wakauza, wakachoma. Huko Hachiman majengo ya Kibuddha yalibomolewa mwaka 1870. Mnara ule uliokuwa ukionekana kutoka mbali ukawa haupo. Mgeni akienda leo Kamakura ataiona ngazi kubwa ya mawe na hekalu lenyewe juu yake, ataona uwanja mpana na watu tele, lakini mnara hatauona. Wala hakuna alama itakayomfanya audhani. Atakayetaka kuuona sharti azitazame picha za Mwitaliano aliyekuja kutafuta fedha.

Nasema kutafuta fedha kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Hakuna dalili kwamba Beato alijua kuwa mnara ule ulikuwa umebakiwa na miaka michache. Alipiga picha kwa sababu wasafiri wa Ulaya na Marekani waliteremka Yokohama wakitaka kumbukumbu za kupeleka kwao, nao walilipa vizuri. Aliweka pia vijana wa Kijapani wenye ustadi wa brashi kuzipaka picha zake rangi kwa mkono: waridi kidogo kwenye shavu, buluu kwenye vazi, kijani kwenye msonobari. Usanii wa kuchapa picha za rangi kwa mbao ulikuwa umestawi sana Japani, kwa hiyo mikono stadi haikukosekana. Mmoja wao, Kusakabe Kimbei, baadaye alifungua duka lake mwenyewe akawa mashuhuri. Katika chumba cha picha, wengine waliopigwa kama samurai au wachukuzi walikuwa watu wa kukodiwa, wakavishwa na kupangwa. Yule mpangaji wa mifupa ya Lucknow hakuwa amebadilika sana.

Tarehe 26 Novemba 1866 moto mkubwa uliwaka Yokohama. Ulianzia penye duka la nyama ya nguruwe, na Wajapani wanaukumbuka kwa jina hilo mpaka leo. Chumba cha Beato kiliungua, na pamoja nacho vioo vyake vingi vya miaka mitatu. Mtu mwingine angepanda meli akaenda zake. Yeye alibeba masanduku, akarudi njiani, akapiga upya. Mwaka 1868 alitoa vitabu viwili vya picha: kimoja cha picha 100 za watu na maisha yao, na kingine cha picha 98 za mahali, yaani mahekalu, barabara ya Tokaido yenye misonobari pande mbili, vijiji, madaraja na mitaa. Chini ya kila picha palikuwa na maelezo ya mahali na desturi zake. Miaka ile miwili ya kazi baada ya moto ndiyo ninayomheshimia.

Yaliyobaki nitayapita upesi. Mwaka 1871 alikwenda na manowari za Marekani kuipiga Korea, akatoa picha zilizo miongoni mwa za kwanza za nchi hiyo. Mwaka 1873 alifanywa balozi mdogo mkuu wa Ugiriki huko Japani, cheo cha heshima tu. Mwaka 1877 aliuza vioo na duka lake kwa Baron von Stillfried wa Austria, akaingia katika biashara ya viwanja, hoteli na fedha. Hapo bahati ilimtupa. Ilisemekana kwamba alipoteza mali yote katika soko la fedha la Yokohama, na mwaka 1884 aliondoka Japani baada ya miaka 21, mikono mitupu. Akaenda Sudan kufuatana na jeshi la Waingereza lililopanda mto Nile kumwokoa Jenerali Gordon mjini Khartoum, jeshi ambalo lilifika Gordon amekwisha kufa. Kisha akaenda Burma, akafungua duka la picha na vitu vya sanaa mjini Mandalay, akapata fedha tena. Kampuni iliyokuwa na jina lake huko ilifungwa mwaka 1907.

Mitaa ya Edo aliyoipiga kutoka kilima cha Atago haipo tena. Iliteketea kwa mioto mbalimbali, kwa tetemeko kuu la mwaka 1923 na kwa mabomu ya mwaka 1945. Ngazi ya vidaraja 86 ingaliko, imezungukwa na majumba marefu kuliko kilima chenyewe. Picha ile ndefu ya vioo vitano hutumiwa na wanahistoria wa Japani wanapotaka kujua nyumba fulani ilisimama wapi na paa lake lilielekea upande gani.

Na yeye mwenyewe? Kwa muda wa karne nzima hakuna aliyejua kwa hakika alipofia. Wengine walikisia kuwa ni Burma. Hata mwaka 2009 ikaonekana hati ya kifo katika makaratasi ya serikali ya Italia: Felice Beato, mzaliwa wa Venice, raia wa Kiingereza, asiyeoa, alifariki katika mji wa Florence tarehe 29 Januari 1909.